Mchukuzi Tu

Leo twataka kuwaeleza juu ya kazi moja ya vita isiyohitaji bunduki.

Babu yetu alikwenda Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Sisi wajukuu tulipomwuliza, "Guka, uliua maadui wangapi?" alijibu, "Mimi nilikuwa mchukuzi tu." Tuliona haya. Wenzetu walipojivunia babu zao, sisi tulinyamaza.

Alipofariki mwaka 1994, mzee mmoja mwenye kuchechemea alikuja mazishini, naye ndiye aliyetufumbua macho. Mwaka 1944 askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliteremka bonde la Kabaw, toka Tamu mwezi wa Agosti hata kufika Kalewa mwezi wa Desemba. Mvua ilikuwa kubwa mno. Njia ziligeuka tope, magari yakakwama, na malaria ikawaangusha wengi. Kwa hiyo mara nyingi aliyejeruhiwa alibebwa kwa machela, mabegani mwa watu. Machela moja yataka watu wanne. Mmoja akiteleza, majeruhi huanguka. Tena mchukuzi, kwa kuwa mikono yake imeshika miti ya machela, hawezi kujikinga risasi zinapolia.

"Niliwaambia waniache, wakimbie," mzee akasema, akilitazama jeneza. "Hawakuniacha."

Katika Injili ya Marko, mlango wa pili, twasoma habari za mtu mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne. Majina yao hayakuandikwa, wala hatusikii neno walilosema. Lakini Bwana aliitazama imani yao, na yule aliyebebwa akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Ndugu msikilizaji, labda kazi yako ni kupika, kufagia, au kumwuguza mzazi asiyeweza kuinuka kitandani. Usiseme, "Mimi ni mchukuzi tu." Mungu ajua uzito ulio begani mwako.

Nasi tuliomwonea haya babu yetu twamwomba msamaha, ingawa tumechelewa. Kama mzee wako yu hai, keti naye leo. Usimwulize aliua wangapi; mwulize alimbeba nani.

Bwana awabariki nyote. Amina.