Uzito wa Sindano na Salama ya Santuri

Katika itikadi zote zilizoenea baina ya wapenzi wa santuri, hapana iliyoleta hasara kubwa kuliko ile isemayo kwamba sindano kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo santuri inavyosalimika. Kwani mtu aliyerithi sanduku la taarabu la wazee wake, kwa huruma na hadhari nyingi, huupunguzia mkono wa gramafoni uzito hata ukakaribia kuelea, akidhani ametenda ihsani, kumbe ndipo anapoanza kuharibu.

Mfuo wa santuri ya mizunguko 33⅓ una kuta mbili zilizokutana kwa pembe ya digrii 90, na sauti imechongwa katika kuta hizo. Sindano ikikandamizwa inavyostahiki huzigusa zote mbili daima. Lakini ikiwa nyepesi mno, wimbi kali linapoipiga huruka, ikauacha ukuta mmoja kisha ikauangukia tena, na kwa kuwa ncha yake ni almasi ilhali santuri ni plastiki tu, pigo hilo huacha kovu lisilofutika. Dalili yake husikika mapema katika herufi s na sh za mwimbaji, hususani karibu na mwisho wa upande, ambako mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo mdogo na mawimbi yamesongamana. Basi ikiwa mtengenezaji ameandika gramu 1.5 hadi 2.5, mimi huanza na 2, na nikisikia mkwaruzo huongeza, sipunguzi.

Lakini uzito haupimwi kabla katriji, yaani kijisanduku kinachobeba sindano, haijakaa mahali pake. Kisu kilichochonga santuri ya asili kilikwenda kwa mstari ulionyooka, ilhali mkono wetu huzunguka kwa tao, kwa hiyo hitilafu ya pembe haina budi kuwapo. Erik Löfgren wa Sweden alionyesha kwa hesabu, mwaka 1938, jinsi ya kuipunguza kwa kupinda kichwa cha mkono na kuipeleka sindano mbele kidogo ya kijiti cha katikati. Katika Technics SL-1200 kiasi hicho ni milimita 15. Skrubu mbili za katriji zilegezwe, isogezwe taratibu, kisha zikazwe bila nguvu; milimita moja tu husikika.

Baada ya hapo, kizuizi cha mvuto, kile kinachopinga mkono kuvutwa katikati, kiwekwe kwenye sifuri, na uzani wa nyuma uzungushwe mpaka mkono uelee sawasawa, hauinuki wala hauinami; ndipo gurudumu la namba peke yake ligeuzwe lisome sifuri, na uzani pamoja na namba zake vizungushwe hadi gramu zinazotakiwa. Mwenye mizani ndogo ya kielektroniki aitumie, maana namba za gurudumu hukosea. Kizuizi cha mvuto nacho, maadamu msuguano huuvuta mkono kuelekea katikati na kuulemea ukuta wa ndani, huwekwa aghalabu sawa na namba ya uzito, na sauti ya kulia ikikwaruza kabla ya kushoto, kiongezwe kidogo. Kimo cha mkono hakina mashaka mengi: mkono ulale sambamba na santuri wakati inapolia, na katriji ikitazamwa kwa mbele isiinamie upande wowote.

Aliye na santuri za mizunguko 78, za zama za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, ajue kwamba mifuo yake ni mipana na huhitaji ncha ya kiasi cha mikroni 70, ilhali ile ya santuri za mizunguko 33⅓ ni 18 hivi, nayo ikiwekwa humo huteremka hadi chini penye vumbi pasipo kushikwa na kuta. Hakuna mizani itakayoondoa kasoro hiyo. Namsihi atafute kwanza sindano iliyofanyiwa santuri hizo, ndipo aanze kupima.