Nyumba kwa Mikono ya Majirani

Ni vigumu kutaja wilaya nyingine katika nchi yetu iliyojua ujenzi wa ujirani kuliko Rungwe. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita huko mwaka 1879, alistaajabia nyumba nadhifu za Wanyakyusa zilizosimama kati ya migomba. Nyumba zile hazikujengwa na kontrakta, wala hapakuwa na benki ya kuzikopesha fedha. Zilijengwa na wenye kuzikalia, wala si moja moja, bali kijiji kizima kwa pamoja.

Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka 10 au 11 alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika lake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji. Usiku walilala huko. Chakula waliendea kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Vibanda vile vilivyoanza kama mchezo vilikua pamoja nao. Walipooa waliwaleta wake zao papo hapo, wakajenga nyumba za mianzi, zilizokandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambamo wazee waliwakabidhi vijana utawala pamoja na ardhi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo mwaka 1951. Aliona kwamba kilichoviunganisha ni ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na walio sawa nawe.

Wako wasemao kwamba desturi hiyo ilikufa kwa sababu vijana waliacha kuheshimiana. Hasha! Iliuawa na jambo la ardhi. Kijiji cha marika kiliweza kuanzishwa maadamu palikuwa na ardhi ya kugawa upya. Lakini mtu akisha kupanda mibuni, itakayomzalia miaka mingi, hakubali tena kuhama. Na akisha kujenga nyumba ya matofali hakubali kabisa. Shamba lile atamrithisha mwanawe, si rika la vijana wa kijiji. Basi mikono ya majirani ilikuwapo bado, na nia ilikuwapo, ila mahali pa kujenga palikwisha.

Sasa tumtazame mfanyakazi wa Tukuyu, awe mwalimu, muuguzi, mchuma chai au dereva. Hupanga chumba, ama hujenga peke yake, tofali juu ya tofali, kwa kadiri mshahara unavyoruhusu. Na Tukuyu si mji wa kujenga polepole. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta usioezekwa haungojei mwenyewe apate fedha. Matofali ya kuchoma yanataka kuni nyingi. Saruji, hata ile itokayo kiwanda cha Songwe karibu na Mbeya, yataka nauli ya kupanda mlima. Na bati halina mbadala. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, limefanya kazi yake katika miji mikubwa, lakini haiwezekani shirika moja limjengee kila mtu katika kila mji mdogo.

Mfano ufaao kutazamwa uko mbali na Rungwe, katika Chamazi, wilaya ya Temeke. Serikali ilipotwaa eneo la Kurasini kwa ajili ya kupanua bandari ya Dar es Salaam, wenye nyumba walikuwa na fidia ya kudai; wapangaji hawakuwa na kitu. Wengi wa wapangaji hao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba, vikisaidiwa na shirika lisilotafuta faida liitwalo Centre for Community Initiatives. Waliunda ushirika wa nyumba, wakauita Muungano, na kabla ya mwaka 2009 kwisha walikuwa wamekwisha kununua eka 30 kwa shilingi milioni 24. Ukipiga hesabu, ni shilingi 800,000 kwa eka. Kaya kumi zikigawana eka moja, kila moja imechangia 80,000. Ni wapangaji wangapi waliokuwa wakilipa kodi kubwa kuliko hiyo kwa mwaka, bila kupata hata shubiri moja ya ardhi?

Wanachama, wake kwa waume, walijifunza kufyatua matofali wenyewe. Viwanja vilifanywa vidogo, na nyumba ikajengwa kwa hatua: kwanza ile sehemu inayokalika, nyongeza baadaye. Hayo ndiyo yaliyoshusha gharama. Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Chamazi ni mbali na Kurasini, na mama lishe aliyewauzia chakula watu wa bandarini hawezi kuhama na wateja wake. Kipato kikipungua, kulipa mkopo wa nyumba kunakuwa kugumu, hata kama mkopo wenyewe ni wa huruma.

Tukuyu ina nafuu moja katika jambo hilo: mji ni mdogo, na kiwanja kilicho pembeni mwake bado ni mwendo wa miguu hadi sokoni au hospitalini. Kwa hiyo kikundi kitakachothubutu kianze kwa ardhi, kabla ya kufyatua tofali hata moja, maana bei ya ardhi haitawasubiri.

Tena kiamue mapema jambo ambalo watu huona haya kulitaja wangali marafiki: mwanachama akihama, nyumba atamwuzia nani, na kwa bei gani? Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hati yaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 99, na hapo ndipo penye uamuzi. Hati zikiandikwa kila moja kwa jina la mtu, mwenye fedha kutoka Mbeya atazinunua moja baada ya nyingine, na watoto wa waliofyatua matofali watarudi kupanga vyumba. Ikiandikwa kwa jina la ushirika, anayehama atarudishiwa alichochangia na kazi aliyoiongeza, na chumba chake kitapewa mpangaji mwingine aliye katika orodha.