Sura ya Tano: Wema Hukulia Wapi?

Mtu huzaliwa na wema wake, hufundishwa, au huupata kwa wale anaokaa nao? Ni sehemu chache za Afrika Mashariki zinazofaa kulipima swali hili kama wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Kwenye miinuko ya Kainam wako Wairaqw, wakulima wanaosema lugha ya Kikushi. Kuuzunguka Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, wako Wabarbaig, tawi la Wadatooga, wafugaji wa asili ya Kinailoti. Bonde la Yaeda ni makazi ya Wahadza, wawindaji na warina asali, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Wabantu nao wamo, wakiwemo Wanyaturu na Wanyiramba. Watu hawa hukutana mnadani, huoana, hugombana na kupatana, lakini hawapimi wema kwa kipimo kimoja.

Ngazi za Kohlberg

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mmarekani Lawrence Kohlberg alifundisha kwamba maadili ya mtu hukua kwa ngazi sita. Mtoto huanza kwa kuogopa adhabu. Baadaye hutaka aonekane mwema mbele ya watu wake, kisha huheshimu sheria kwa sababu inashikilia jamii. Wachache hufika juu kabisa, penye kanuni za haki zinazowahusu wanadamu wote.

Mwaka 1975 Carolyn Edwards alichapisha matokeo ya utafiti wake nchini Kenya. Wazee waliotegemewa na jamii zao kusuluhisha mashauri waliangukia zaidi ngazi ya tatu, ile ya kujali uhusiano na watu. Wanafunzi wa chuo kikuu waliwapita. Je, kijana wa chuo ana maadili kuliko mzee aliyepatanisha koo? Edwards aliona kwamba fikra za ngazi ya tatu zinatosheleza jamii ambamo watu wanajuana kwa sura. Mzee anayeamua ugomvi wa mpaka wa shamba anajua kuwa walalamikaji wataamka kesho wakiwa bado majirani. Hukumu yake lazima iwaachie njia ya kuishi pamoja, na hilo ngazi za Kohlberg hazikulipa alama nyingi.

Kosa moja, mizani mbili

Kwa Wairaqw wa zamani, mimba ya msichana ambaye hajaolewa ilihesabiwa kuwa unajisi unaoweza kuwadhuru watu, mifugo na mazao. Ilimbidi msichana aondoke kwao. Baadhi ya wasichana hao walipokelewa na Wadatooga, wakaolewa na kuzaa huko. Kwa Wadatooga uzazi ni baraka kubwa, na mwanamke mwenye mimba alikaribishwa kama mleta uhai.

Basi binti yule yule alikuwa mkosaji upande mmoja wa bonde na mke mwenye heshima upande wa pili. Hulka yake haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni macho yaliyomtazama. Hapa ndipo tunapoona kazi ya kwanza ya utamaduni: kuamua tendo lipi ni la kimaadili na lipi ni la kawaida tu.

Baraza ndilo darasa

Kazi ya pili ni kuwapa watu mahali pa kuyafanyia mazoezi maadili yao. Wairaqw wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huikariri na waliokusanyika huitikia. Ndani yake huombwa amani, afya, mvua na maelewano, na maradhi na ugomvi hufukuzwa. Kijana aliyekaa pembeni hapewi somo juu ya utulivu. Anaitikia pamoja na wengine, mara nyingi, mpaka sauti ya utulivu inakuwa yake.

Wabarbaig walilea sifa nyingine, ujasiri. Kijana aliyemuua simba alitukuzwa na kupewa zawadi na jamaa zake. Lakini ujasiri ukiachwa bila lijamu huweza kurudi nyumbani ukawa ukatili. George Klima, aliyeishi nao miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza mabaraza yao, likiwemo la wanawake peke yao. Mwanamume aliyemdhulumu mkewe au kuvunja haki za wanawake aliweza kushtakiwa mbele ya baraza hilo na kutozwa ng'ombe. Aliyekaidi alijiweka katika hatari ya kulaaniwa. Utamaduni uliompandisha shujaa uliweka pia wa kumshusha.

Hulka ina nafasi gani?

Wazazi wanajua kuwa watoto wa tumbo moja hawafanani. Mmoja hulia kwa kila jambo, mwingine hunyamaza hata akiwa na njaa. Mtafiti Marten deVries aliwapima watoto wachanga wa Wamaasai, majirani wa Wadatooga, wakati wa ukame wa miaka ya 1970. Alipowarudia, alikuta watano kati ya saba waliohesabiwa wapole wamekufa, lakini kati ya sita wasumbufu alikuwa amekufa mmoja tu. Idadi ni ndogo, hata hivyo maelezo yanaeleweka: anayelia sana hunyonyeshwa zaidi. Hulka ambayo mama wa mjini angeiita balaa, huko iliokoa maisha. Mtoto huja na hulka yake, ila thamani ya hulka hiyo hupangwa na mahali anapolelewa.

Mirija ya asali

Kipimo kikali zaidi kilifanywa kwa Wahadza wa pande za Ziwa Eyasi. Kristopher Smith, Coren Apicella na wenzao, akiwemo mwanaakiolojia Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya miaka sita. Kila mshiriki alipewa mirija yenye asali, achague ya kujiwekea na ya kuchangia kambi. Wahadza huhamahama, kwa hiyo mtu aliyepimwa awali alikutwa baadaye akiishi na watu wengine.

Kama ukarimu ungekuwa mali ya mtu, mkarimu wa awali angebaki mkarimu popote. Haikuwa hivyo. Ukarimu wa mtu ulitabirika vizuri zaidi kwa kuangalia kambi aliyokuwamo wakati ule kuliko kwa kuangalia alivyotoa zamani. Mwaka 2020 Smith na Apicella waliongeza jambo: Wahadza walipoulizwa nani kambini ana tabia njema, majibu yao hayakuafikiana sana.

Methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ni kweli nusu. Malezi yanaanza kazi, wenzako wanaiendeleza kila siku mpaka uzeeni.

Baraza likivunjwa

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mradi wa ngano wa serikali uliosaidiwa na Kanada ulichukua malisho ya Wabarbaig wilayani Hanang, hatimaye takribani ekari 100,000. Wafugaji waliondolewa, na baadhi ya makaburi ya wazee wao wenye heshima yakalimwa. Mazishi ya mzee kama huyo, bung'eda, hukusanya koo kwa miezi, na vijana hujifunza hapo nani anaheshimiwa na kwa nini. Hasara ya namna hiyo haimo katika hesabu ya magunia.

Kwa hiyo anayelalamika kuwa vijana wameharibika aanze kwa kuuliza wanakaa na nani, na wanaitikia nini. Mahubiri kwa mtu mmoja mmoja hayatoshi. Mzazi, mwalimu na mwenyekiti wa kijiji wanaotaka watu wema wajenge kwanza mahali ambapo wema unafanywa mbele ya wengine, na wao wenyewe wawe wa kwanza kuketi hapo.