Neno 'anaweza' lilivyozua ubishi katika mchezo wa shisima

JUMA lililopita niliwafundisha wanafunzi wangu shisima nikidhani somo ni la hisabati. Kumbe lilikuwa la lugha!

Shisima ni mchezo wa Watiriki wa magharibi mwa Kenya. Jina hilo lina maana ya maji yaliyokusanyika mahali. Bila shaka msomaji umekwisha kumkumbuka nduguye, 'kisima'. Kete huitwa imbalavali, yaani wadudu wa majini.

Chora umbo la pembe nane. Unganisha kila pembe na inayoikabili kwa mstari unaopita katikati. Hapo mistari inapokutana ndipo shisima. Kila mchezaji hupanga kete tatu kwenye pembe tatu zinazofuatana upande wake, na pembe moja huachwa wazi kila upande baina ya wapinzani. Wachezaji hupokezana zamu, kila mmoja akisogeza kete moja kwa kufuata mstari hadi nafasi jirani iliyo wazi. Kuruka kete ni marufuku. Anayetangulia kupanga kete zake tatu kwenye mstari mmoja unaopita katikati ameshinda. Hatua zilezile zikijirudia mara tatu, mchezo ni sare.

Ubaoni, hata hivyo, niliandika: "Mchezaji anaweza kusogeza kete moja." Tukachora sakafuni kwa chaki, vizibo vya soda dhidi ya kokoto. Punde kelele zikazuka. Mvulana mmoja alikuwa na vizibo viwili vilivyobanwa. Cha tatu ndicho kilichoziba njia ya ushindi wa mwenzake. Akikisogeza tu, amekwisha. Akakunja mikono. "Mwalimu, si umeandika 'anaweza'? Basi mimi naweza, lakini sitaki!"

Nilitaka kumkemea, ila hoja yake ilikuwa na mashiko. Kitenzi 'weza' hubeba uwezo, ruhusa na hata uwezekano. Hakibebi lazima. Nilikusudia kusema: "Ni lazima mchezaji asogeze kete moja kila zamu yake ifikapo." Kosa lilikuwa langu, si lake.

Tusidhani hili ni jambo la watoto. Mkataba ukisema mwenye nyumba 'anaweza' kukurudishia dipoziti unapohama, naye pia atakunja mikono.

Nilifuta sentensi yangu, nikaandika upya. Mchezo ule tukauhesabu sare, wakaanza tena. Safari hii kijana alisoma ubao kwanza, ndipo akapanga vizibo.