Ukimuuguza ndugu Chennai, nawe pumua

Familia nyingi za Tanzania na Kenya zinaujua mji wa Chennai, India, kwa jambo moja: hospitali. Ndugu humsindikiza mgonjwa wa moyo au saratani, kisha wiki zinapita kati ya wodi na chumba cha kupanga. Anayeuguza naye hukosa usingizi na hamu ya kula.

Chennai ni makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu, na pa kupumzikia si mbali. Ufukwe wa Marina hauna kiingilio. Nenda alfajiri au jioni, kwani Aprili hadi Juni joto ni kali. Ila usiogelee, mikondo yake ni hatari. Mahabalipuram, penye mahekalu ya mawe ya karne ya 7 na ya 8, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Madurai, mji wa hekalu la Meenakshi, na Ooty, mji wa milimani, ni safari ndefu. Ooty iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu amuulize daktari wake kwanza.

Mkiwa wawili, pokezaneni zamu. Anayetoka saa mbili kupunga upepo hajamtelekeza mgonjwa. Anarudi na nguvu za kumhudumia.