Je, Wajua Umri Halisi wa Landrova Hiyo?

Mashambani kati ya Njoro na Mau Narok, nchini Kenya, bado kuna Landrova kuukuu zinazobeba maziwa, mbegu na vibarua. Itazame mojawapo kwa makini. Grili yake ni ya plastiki, kwa hivyo utadhani ni ya miaka ya 1970. Ubavu wa nyuma umenyooka kama wa gari la miaka ya 1950. Sakafu ni mbao, na chini ya boneti inanguruma dizeli ya Kijapani. Basi ni gari la mwaka gani? Jibu lipo, ila bodi si shahidi wa kuaminika.

Sababu inaanzia Uingereza baada ya vita. Mwaka wa 1947 chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, lakini alumini ilipatikana kwa wingi. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia Jeep iliyobaki kutoka vitani. Akaazimia kuunda gari la shamba la Rover yenyewe, nalo likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa alumini iliyochanganywa na magnesi, paneli nyingi zikiwa bapa ili zikunjwe bila mashine ghali, kisha zikafungwa kwa bolti na ribiti. Chesisi ilikuwa mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa yakawa boksi refu.

Mkulima alinufaika sana na ubunifu huo. Madigadi ikipondwa, unaifungua kwa spana na kufunga nyingine iliyotolewa kwenye Landrova iliyokufa. Fanya hivyo kwa miaka 50 na gari moja litakuwa limevaa nguo za magari matano.

Kwa hivyo anza na futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande mmoja. Ukipata sentimita 203, hiyo ni Series I (kizazi cha kwanza) ya kati ya 1948 na 1953. Sentimita 218 ni toleo lililofuata la Series I, na 224 ni fupi zote za Series kuanzia 1956. Zile ndefu zina 272 kwanza, kisha 277. Tofauti kati ya 218 na 224 inafunza jambo: iliongezwa mbele ya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, ili injini ya dizeli ipate nafasi. Sehemu ya nyuma haikuguswa. Ndiyo maana fundi aliweza kuhamisha bodi ya nyuma ya gari la sentimita 218 hadi Series I ya sentimita 224 na ikakaa sawasawa.

Taa hudanganya. Zilihama kutoka kwenye grili hadi kwenye madigadi kati ya 1968 na 1969, lakini madigadi hufunguliwa kwa dakika chache. Ubavu uliotuna chini kidogo ya madirisha, uliochorwa na David Bache kwa ajili ya Series II ya 1958, ni ushahidi wa umri wa ubavu wenyewe tu. Kwa Series II na zilizofuata, sugua kutu kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa na chesisi. Nambari ya chesisi imegongwa hapo, nayo ndiyo itakayokuambia umri wake. Kisha chukua msasa wa maji, ukwangue rangi mahali padogo kwenye kila paneli. Mlango wenye matabaka sita ya rangi na madigadi yenye matabaka mawili havikuzaliwa pamoja.

Kuijenga upya ni kazi ngumu zaidi. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma, na tope la mvua za Mau likakaa katikati, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili na alumini huliwa ikawa unga mweupe. Kila kiungo kinahitaji kutenganishwa kwa rangi nzuri au mpira. Tena alumini ikigongwa huwa ngumu na hupasuka, hivyo sharti ipashwe moto kwanza. Hatari ni kwamba haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, chini kidogo ya nyuzi 660 za Selsiasi. Mafundi huipaka sabuni ya kufulia, kisha huipasha taratibu. Sabuni ikigeuka nyeusi, moto unatosha. Paneli ikipoa, nyundo inaanza kazi. Napenda sana ufundi huu, kwa kuwa kipimajoto chake kinauzwa katika kila duka la Njoro.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye chesisi, pima pembe kwa pembe. Mistari miwili ya mshazari isipolingana, chesisi imepinda, na milango haitafunga hata ukiibembeleza.

Swali linalobaki ni nini kitolewe. Kwa maoni yangu, usikimbilie kufuta yote yasiyotoka kiwandani. Benchi za pembeni zinaonyesha kwamba gari lilibeba abiria, na jukwaa la mitungi ya maziwa limechomelewa na mtu aliyejua mzigo wake. Piga picha, pima, kisha amua. Mbao iliyooza na waya zilizounganishwa kwa nailoni ziondoke. Dizeli ya Kijapani, ikiwa inavuta vizuri na nambari yake imeandikwa kwenye logbuku, iache mahali pake.