Jaji Aliyefungwa Ulimi

Kwa miaka mingi nchini Kenya, mtu mzima aliyethibitika kuua kwa kusudi hukumu yake ilikuwa moja: kunyongwa. Jaji, hata akimwonea imani, hakuwa na hiari. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ililikataa jambo hilo; mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo, huko Nairobi, ikaligeuza. Hatimaye, Desemba 14, 2017, Mahakama ya Upeo, iliyo katikati ya jiji la Nairobi, ikakata shauri: jaji apime kwanza. Kitanzi hakikufutwa, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Na mwaka 2021 mahakama ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji tu. Unyang'anyi wa mabavu haukuingia. Na roho, msomaji, ni ile ile.